Kapasita za amplifaya ya Ujiji: ipi ing'olewe, ipi iachwe

Kimya kimekuwa kirefu, najua, lakini UE haina huruma na bumu nalo lilichelewa, basi hata hamu ya kuandika ikakata. Sasa nipo. Leo siandiki habari za kafteria wala foleni ya maji bwenini. Leo ni historia, tena historia ya kidude ambacho mkipita Kariakoo mnakiona kimemwagwa kwenye masanduku ya vioo na hamkigeukii: kapasita. Mafundi wetu wazee wanaiita kondensa. Wale wenzangu wa idara ya historia mtasema nimehama, na wale wa uhandisi mtasema naingilia shamba la watu. Yote sawa, someni tu.

Kisa chenyewe ni hiki. Kwetu Ujiji, kwa baba mkubwa, kuna amplifaya ya gita ya valvu, Vox AC30. Hizi zilianza kutengenezwa Dartford, Kent, kule Uingereza, miaka ya 1959 na 1960, na ndizo walizopigia The Shadows, kisha Beatles. Imekaa miaka mingi chini ya kitambaa, na ukiiwasha inaunguruma kuliko inavyoimba. Vijana wa mtaani wanaitaka kwa ajili ya maharusi. Bwana mmoja wa Dar naye anaitaka, anunue kwa pesa nzuri, ila kwa sharti kwamba ndani kila kitu kiwe "cha asili". Mzee akanipigia simu: mwanangu, wewe uko Dar, nitafutie kapasita uje nazo likizo, lakini usiniletee takataka.

Sasa takataka ni ipi na isiyo takataka ni ipi? Hapo ndipo nilipoingia kwenye historia bila kutaka.

Tuanze na kitu chenyewe, kwa wale waliokimbia fizikia kidato cha pili. Kapasita ni sahani mbili za metali zilizotenganishwa na kitu kisichopitisha umeme. Inahifadhi chaji kidogo na kuirudisha. Mwaka 1745 Ewald von Kleist, na mwaka 1746 Pieter van Musschenbroek wa Leiden, Uholanzi, waligundua kila mmoja kwa njia yake kwamba chupa ya maji yenye waya ndani inaweza kutunza chaji na kumrusha mtu. Mwaka 1896 Karol Pollak, Mpolandi, aliombea hataza aina ya elektroliti: foili ya aluminiamu iliyofunikwa na utando mwembamba sana wa oksidi, na majimaji upande wa pili. Miaka ya 1920 Mmarekani Samuel Ruben akaleta ile tunayoita kavu, ambayo kusema kweli si kavu, ni karatasi iliyoloweshwa ikaviringishwa pamoja na foili. Hiyo ndiyo iliyofanya redio ya kuchomeka ukutani iwezekane majumbani.

Kwa nini? Fikirieni simtank juu ya nyumba. Pampu inasukuma maji kwa vipindi, lakini bombani yanatoka kwa mfululizo kwa sababu tangi lipo katikati. Umeme wetu wa ukutani unageuka mara 50 kwa sekunde. Ukishanyooshwa na rektifaya unakuwa mapigo 100 kwa sekunde, na kapasita kubwa ya kwanza ndiyo tangi. Tangi likipungua ujazo, unasikia mapigo yenyewe: mmmmmmm, sauti nzito isiyobadilika hata ukizima sauti ya gita. Ndiyo muungurumo wa amplifaya ya baba mkubwa.

Na shida ya aina hii ni kwamba inazeeka hata kama haitumiki. Majimaji yanakauka kupitia kifuniko cha mpira, na ule utando wa oksidi unahitaji kupata volti mara kwa mara ili usiharibike. Watu wa Kigoma tumelelewa na hadithi ya Liemba, meli iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, ikavunjwa vipande, ikaletwa hadi Kigoma, ikaunganishwa na kuanza kazi mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi, lakini kwanza wakapaka injini grisi nyingi. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 walikuta mashine inafaa, na mwaka 1927 ikarudi ziwani na jina jipya. Basi baba mkubwa akawa na imani hiyohiyo: kitu kikifunikwa vizuri kinangoja. Injini ya mvuke inangoja. Kapasita ya elektroliti haingoji. Ndiyo maana hata ile inayouzwa kama "mpya ya zamani", yaani iliyotengenezwa mwaka 1965 na haijawahi kulehemiwa popote, mimi sinunui, hata mtu aape kwa mama yake.

Haya, amplifaya kama hii ilifikaje Ujiji? Kwa mgeni, Ujiji ni mwembe wa Livingstone na Stanley, basi. Lakini wadau, Kigoma ni mwisho wa reli. Reli ilifika mwaka 1914, na tangu hapo kila kitu cha Ulaya kilichotaka kwenda Burundi au mashariki ya Kongo kilipita mlangoni kwetu. Na muziki ulipita njia hiyohiyo, kuja na kwenda. Shem Karenga, yule wa "Dada Asha" ya Tabora Jazz, aliyefariki mwaka 2014, alikuwa mtoto wa Kigoma, na kabla ya Tabora alianzia Lake Tanganyika Jazz hapahapa kwetu. Ng'ambo ya ziwa kulikuwa na rumba ya Kongo na redio zake. Mtu alikuwa anakaa Ujiji anasikiliza gita la Kongo usiku bila kuhitaji pasipoti.

Jambo ambalo sikulijua mpaka nilipoanza kuuliza ni kwamba wanamuziki wengi wa dansi hawakuwa na vyombo. Vyombo vilikuwa vya mwajiri. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Polisi, Magereza na Jeshi walikuwa na bendi zao, Bima Lee ilikuwa ya shirika la bima, Vijana Jazz ya Umoja wa Vijana. Mlimani Park Orchestra, ambao jina lao linawachekesha watoto wa chuo wa leo, ilianza mwaka 1978 chini ya shirika la teksi na usafiri, TTTS. Mwaka 1983 bendi ikahamia kwa shirika la maendeleo la Dar, DDC, ndiyo ikawa DDC Mlimani Park. Hata bendi za watu binafsi zilikuwa na "mwenye vyombo". Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, aliimba na Super Matimila wakati vyombo ni vya mfanyabiashara.

Maana yake nini kwa kapasita? Maana yake mpiga gita akihama bendi, na walihama kila siku, amplifaya inabaki stoo ya ofisi. Haikuwa na mtu anayeijua tangu utoto wake. Ilikuwa mali ya shirika, na matengenezo yalisubiri sahihi ya mkubwa. Tena kuanzia 1978 na 1979, baada ya vita ya Kagera na bei ya mafuta kupanda, fedha za kigeni zikawa za dawa na vipuri vya malori. Nani angepewa kibali aagize kapasita ya gita? Mpaka bajeti ya 1984 iliporuhusu mtu kuingiza bidhaa kwa fedha zake za kigeni, fundi alitumia alichonacho. Alichonacho ni redio mbovu.

Hapa sasa ndipo utamu ulipo, maana fundi hakuwa anabahatisha. Redio za transista zina kapasita za volti 10, 16, 25. Ukiweka hiyo kwenye volti 300 za amplifaya ya valvu inapasuka kama fataki. Lakini redio ya zamani ya valvu, zile za mbao zilizokaa sebuleni kwa babu, ina kapasita ya maikrofaradi 32 au 50 ya volti 350. Hiyo ni ndugu wa damu wa zile za amplifaya. Kwa hiyo redio ya valvu iliyokufa haikutupwa. Ilikuwa ghala.

Nilipofika likizo, tulifungua mgongo wa ile Vox pale barazani. Baba mkubwa kwanza akachukua rizista kubwa yenye waya mrefu, akamaliza chaji yote iliyobaki, akapima kwa mita, akapima tena. "Hii imeua watu wenye vyeti," akasema. Jamani msicheze: amplifaya iliyochomolewa ukutani bado inaweza kushika volti mia tatu na ushee.

Ndani tulikuta tabaka tatu, kama zile za wachimbaji wa akiolojia.

Tabaka la kwanza ni la kiwandani: kopo la aluminiamu la Kiingereza lenye kapasita mbili ndani, 16 na 16, volti 450. Limevimba chini na lina unga mweupe. Hilo limekufa, halina mjadala.

Tabaka la pili, upande wa valvu ndogo za mwanzo: kapasita moja ya 32, volti 350, yenye herufi MBLE. Hao ni Wabelgiji wa Brussels waliokuwa upande wa Philips. Imelehemiwa kwa mkono wa mtu mwingine, risasi nyingi, waya umevishwa plastiki nyekundu. Na angalieni akili yake: kapasita ya volti 350 haikuwekwa mlangoni ambako volti ni kubwa, iliwekwa mwishoni mwa mstari ambako volti zimeshashuka mpaka 260 hivi. Fundi huyu alikuwa na kapasita moja tu na alijua mahali pekee ambapo ingeishi.

Tabaka la tatu ni mlangoni penyewe. Valvu ya rektifaya, GZ34, haipo. Mahali pake kuna dayodi na rizista moja nene ya waya. Na badala ya lile kopo, kuna kapasita mbili ndogo za kusimama, kila moja maikrofaradi 100 volti 250, zimeunganishwa kwa mfululizo, moja nyuma ya nyingine, na kila moja ina rizista ya kilo 220 pembeni.

Sasa, pale nyumbani kuna riwaya mbili za amplifaya hii. Baba mkubwa anasema ilikuja kwa boti kutoka Bujumbura, na kwamba ilitengenezwa "wakati wa vita ya Amin" na haijaguswa tena. Shangazi anasema ilikuja kwa treni kutoka Tabora, na mwenyewe alikuwepo ilipopakuliwa. Mimi nikaiona ile MBLE nikaruka: Mbelgiji! Basi imetoka Burundi, mzee kashinda! Halafu nikakumbuka lekcha moja niliyokuwa nasinzia. Mwaka 1921 Waingereza na Wabelgiji walikubaliana Ubelgiji ipewe maeneo ya bandari Dar na Kigoma, ndiyo Belbase, ili mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi ipite. Kitu cha Ubelgiji Kigoma kinaweza kuwa kimeshuka kwenye behewa kilomita 1,200 na zaidi kutoka pwani bila kugusa maji ya ziwa. Na Philips wenyewe waliuza redio kila kona ya nchi. Kwa hiyo kapasita ya Brussels haisemi amplifaya imetoka wapi. Inasema tu kuna redio moja ya valvu iliyokufa ili hii iishi. Shangazi bado yumo mashindanoni.

Ile jozi ya tabaka la tatu inasema zaidi. Kapasita za namna ile, ndogo, miguu yote upande mmoja, zimeandikwa nyuzi 105, ni za kwenye televisheni. Na Tanzania bara, wadau, haikuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994. Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973, ya rangi kabisa, lakini huku bara mzoga wa televisheni ulikuwa adimu. Televisheni zilipoanza kuingia majumbani na kufa ndipo mafundi wetu walipopata kapasita za volti kubwa kwa wingi. Kwa hiyo tabaka la tatu si la vita ya Amin, ni la baada ya hapo, kwa miaka kumi na tano au zaidi. Sikumbishia mzee. Nilimwambia tu, "Baba, nadhani iliguswa mara mbili." Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Basi ya pili ni yule kijana wa Mwanga," akaendelea kumenya muwa.

Nimeeleza haya kwa urefu kwa sababu ya yule bwana wa Dar. Anataka "asili". Asili ya nini? Ukifuata sharti lake kwa ukali, unang'oa MBLE na jozi ya televisheni, unaweka kopo la Kiingereza la 1964 lililokauka, halafu unaiwasha unaichoma transfoma. Umerudisha asili na umeua chombo. Huko Ulaya na Marekani hii ni biashara kubwa, watu wanalipia rangi ya ganda la kapasita. Ile ya njano kama haradali, iliyotengenezwa na Philips na Mullard, inauzwa kama dhahabu. Wanajadiliana juu ya hilo wakiwa na maduka kamili pembeni. Hawajawahi kufanya uchaguzi akiwa na redio moja tu ya babu.

Sasa uchaguzi wangu mimi, tujibu swali la mzee.

Kwanza volti. Tulitoa valvu za nguvu, tukaiwasha kupitia balbu ya wati 60 iliyofungwa kwa mfululizo, ile ya zamani ya waya, siyo hizi za kisasa. Hii ni bima ya maskini: kukiwa na shoti, balbu inawaka kali na amplifaya inapona. Balbu ilififia, tukaitoa, tukapima. Mlangoni volti 412, wakati ukutani kuna 231. Kwa nini kubwa hivyo? Kwa sababu ya dayodi. Valvu ya GZ34 inapasha moto taratibu, kwa hiyo volti inapanda wakati valvu nyingine nazo zimeanza kula umeme. Dayodi haina subira. Inatoa yote sekunde ileile, na ile rizista nene haisaidii kitu kwa sababu rizista hushusha volti pale tu mkondo unapopita. Sasa fanyeni hesabu. Umeme wa ukutani ukipanda hadi 255, zile 412 zinakuwa 455. Kopo la kiwandani ni la 450.

Na 255 siyo ndoto. Kigoma iliishi kwa majenereta ya dizeli ya TANESCO miaka nenda rudi, mpaka ilipounganishwa na gridi ya taifa mwaka 2022. Jenereta la mji likipoteza mzigo ghafla, mtaa mmoja umezimika, volti za mtaa mwingine zinaruka kabla kidhibiti hakijashtuka. Kila mtu wa Kigoma wa umri wangu anajua balbu iliyowaka kama jua kisha ikafa. Yule kijana wa Mwanga alipoweka mbili za 250 kwa mfululizo alipata uwezo wa volti 500, na zile rizista za kilo 220 zinagawa volti sawasawa ili moja isibebe mzigo wa mwenzake. Anayeziona anasema "ufundi wa mtaani". Mimi nasema huyu alikuwa anaujua umeme wake kuliko kiwanda cha Dartford.

Pili ujazo. Kuna watu wanafikiri tangi kubwa ni bora zaidi: kama ilikuwa 16, weka 220! Hapana. GZ34 ina kikomo cha maikrofaradi 60 pale mlangoni, ukizidisha unaiua kwa mkondo wa kuwashia. Tena hata kwa dayodi, tangi kubwa linabadilisha tabia. Amplifaya hizi zinapopigwa kwa nguvu volti hushuka kidogo na kurudi, na mpiga gita anasikia hiyo kama sauti inayovuta pumzi. Kwa solo la dansi hiyo ndiyo raha yenyewe. Jozi ya 100 kwa mfululizo inakuwa 50, si 200, maana kapasita zikifuatana ujazo unagawanyika. Yule kijana alikuwa bado ndani ya mpaka, ila ni mara tatu ya 16 ya kiwandani. Nikaamua kushuka: mbili za 47 kwa mfululizo, ambayo ni 23 na nusu. Karibu na asili kwa ujazo, juu ya asili kwa volti. Na Kariakoo 47 ya volti 250 zipo tele, wakati ya volti 500 nilizunguka siku nzima na jua lake nikaikosa.

Tatu joto. Kanuni ya kawaida ni kwamba kila nyuzi 10 zinazopungua, umri wa elektroliti unaongezeka maradufu. AC30 ni tanuri, EL84 nne zimejibana kwenye sanduku. Kwa hiyo nyuzi 105, siyo 85, hata kama bei inazidi.

Nne, na hii ni ya Kariakoo hasa: feki. Kuna kapasita ambazo ukizichana unakuta kapasita ndogo imefichwa ndani ya ganda kubwa. Mimi nilikwenda na mita yenye kupima ujazo, nikapima kila moja mbele ya muuzaji. Alinuna, lakini akapunguza bei. Nyepesi kupita kiasi kwa ukubwa wake, acha.

Sasa kapasita zisizo za elektroliti, zile za kati ya hatua moja na nyingine ambazo zinapitisha sauti na kuzuia volti. Hapa ndipo wapenda "asili" wana hoja, na nawapa. Hizi hazikauki. Nyingi za filamu ya plastiki zinaishi kuliko sisi. Kuzing'oa zote kwa mkupuo kwa sababu ni za zamani ni uharibifu. Swali ni moja tu: inavuja? Unainua mguu mmoja wa upande wa pili, unawasha, unapima kama kuna volti zinazopita. Ikivuja volti chache tu kwenda kwenye EL84, valvu inageuka nyekundu na baada ya hapo inakwenda na transfoma. Tulipima zote. Za filamu zilikuwa safi, tukaziacha. Mbili za karatasi zilivuja, moja volti 3, moja karibu 9. Unyevu wa ziwa na karatasi havipatani. Hizo tukabadilisha, ujazo uleule 0.1, volti 630, polyester ya kawaida. Kuhusu wale wanaosema wanasikia tofauti ya kampuni na kampuni katika 0.1 iliyo nzima, mimi sisikii, na vijana wa harusi hawakusikia. Kuvuja kila mtu anasikia.

Na ndogo za chini ya valvu, 25 kwa volti 25, hizo ndizo pekee ambazo redio ya transista ingeweza kutoa. Tulibadilisha zote, bei yake haifiki chapati na chai.

Ya MBLE iliniuma. Ilipimwa 19 badala ya 32 na ilikuwa inapata moto. Nilitaka kuiacha kwa sababu ya historia. Baba mkubwa akasema, "Mwanangu, wewe unataka kuisoma au unataka ipige?" Tukaing'oa. Lakini kabla ya kukata waya wowote nilipiga picha kila pembe na nikachora mchoro wa nani kalehemu wapi. Kopo la Kiingereza tuliliacha palepale kwenye shasi, halijaunganishwa na kitu, kwa hiyo ukichungulia nyuma utaliona. Kapasita mpya ziko chini yake. Za zamani zote zimewekwa kwenye kopo la maziwa, kila moja na karatasi yake: imetoka wapi, ilipima kiasi gani, tarehe. Kopo limefungwa kwa waya ndani ya sanduku.

Yule bwana wa Dar nilimtumia picha na maelezo yote. Akajibu kwamba rafiki yake wa nje anataka tabaka la kwanza tu, hayo mengine "yanashusha thamani". Baba mkubwa akacheka, akasema mwambie thamani imeshuka mpaka imefika Kibirizi inanunua mgebuka.

Kwa sasa ukutani 233, mlangoni 338 valvu zote zikiwa zimepata moto, muungurumo umebaki ule wa kusikika ukiweka sikio kwenye spika. GZ34 bado naitafuta. Kama kuna mdau anajua mwenye nayo ambayo si feki, anitafute Hall, tupatane kabla bumu halijaisha.